Machimbo Yakifungwa, Maji Hayafungwi
Mhadhara kwa wakazi wa Arua na Koboko



Maji yanayoteremka kutoka Rwenzori hadi Kasese safari yao haiishii Kasese. Mto Nyamwamba unaingia ziwa George. Ziwa George humwaga maji yake kwa mfereji wa Kazinga hadi ziwa Edward. Edward hutokea kwa mto Semliki, unaopita nyuma ya Rwenzori na kuingia ziwa Albert, na kutoka Albert ndiyo hii Naili yetu inayopita Pakwach, Rhino Camp na Obongi. Mvuvi wa Rhino Camp anatupa wavu katika maji ambayo sehemu yake ilipita kwanza chini ya mgodi wa shaba wa Kilembe.

Sisemi kwamba samaki wetu wana sumu ya Kilembe. Madini mazito hunaswa njiani, kwenye mafunjo ya ziwa George na katika tope la maziwa yale, na hilo peke yake ni jambo la kuwasikitikia watu wanaoishi huko. Nimeanza na safari hii ya maji kwa sababu nyingine. Tumezoea kudhani kwamba mgodi ni habari ya watu wa mahali ulipo, na kwamba ukifungwa habari imekwisha. Yote mawili si kweli. Ninachokitetea leo ni hiki: ardhi iliyochimbwa haijapona kwa sababu nyasi zimeota juu yake. Ushahidi wa kupona kwake uko ndani ya maji yanayotoka pale, nao hupatikana kwa kupima, kwa miaka, kabla ya jembe la kwanza na baada ya lori la mwisho.

Kilembe ndio mfano mkubwa kuliko yote tulio nao Uganda, basi tukae nao kidogo. Shaba ilianza kutoka kwa wingi mwaka 1956, mwaka ambao reli ilifika Kasese. Mgodi ulikuwa wa kampuni ya Kilembe Mines, chini ya Falconbridge ya Kanada, na mzigo ulipelekwa Jinja kuyeyushwa kwa umeme wa Owen Falls. Katika miaka ya 1960 shaba ilikuwa miongoni mwa bidhaa kubwa tulizouza nje, nyuma ya kahawa na pamba. Falconbridge iliondoka katikati ya miaka ya 1970, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 kazi ilikuwa imekufa. Kwa jumla yalitolewa takriban tani milioni 16 za mawe, na katika kila tani 100 shaba ilikuwa kama tani 2 tu. Fikirini zile tani 98 zilizobaki zilienda wapi. Nyingi zilirundikwa bondeni, kando ya Nyamwamba, bila mwenye kuzilinda dhidi ya mvua.

Kulikuwa pia na rundo lingine, chini karibu na mji wa Kasese: makinikia ya pairiti yenye kobalti, yapata tani milioni 1, yaliyowekwa pale kusubiri siku ya kupata faida. Siku hiyo ilichelewa. Mvua ililimega rundo, maji makali yakatiririka kuelekea ziwa George, yakaacha ukanda wa ardhi tupu ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, mahali ambapo hata nyasi zilikataa kuota. Na ziwa George ndilo eneo la kwanza la Uganda kuingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu za dunia, mwaka 1988. Ni ziwa la kina kifupi sana, mita 2 na kitu kwa wastani. Ziwa la namna hiyo halina pa kuficha uchafu.

Sasa niwaeleze kinachotokea, maana bila kukielewa hatuwezi kujua tupime nini. Pairiti ni chuma kilichoshikana na salfa. Ikiwa chini ya ardhi, mbali na hewa, hukaa mamilioni ya miaka bila kumdhuru mtu. Ikivunjwa na kusagwa, hewa na maji huifikia pamoja, na matokeo yake ni asidi ya salfuriki. Wapo bakteria wanaojipatia nguvu kwa kubadilisha chuma hicho, nao huiharakisha kazi hiyo mara nyingi. Asidi ikishazaliwa huyeyusha madini mengine yaliyomo kwenye jiwe: shaba, kobalti, manganisi, alumini. Maji hayo yanaweza kuonekana meupe kabisa, safi kama ya chemchemi. Yanapokutana na mto wenye hewa na chokaa ya kutosha, chuma huganda na kuvika mawe utando wa rangi ya machungwa. Mwananchi huona rangi hiyo akaogopa. Lakini mahali pa kuogopa zaidi ni juu kidogo, ambapo maji bado hayana rangi.

Bakteria wa jamii hiyo hiyo ndio walioajiriwa baadaye kuitoa kobalti. Kuanzia mwaka 1999, kiwanda cha Kasese Cobalt Company kiliwalisha lile rundo la pairiti ndani ya matangi, kwa mpango, asidi ikidhibitiwa kwa chokaa. Kwa muda wa takriban miaka 15 rundo likaliwa. Hiyo ni kazi nzuri ya kiufundi na inastahili kutajwa kwa heshima. Lakini yale mabaki ya bondeni yalibaki bondeni, na tarehe 1 Mei 2013 Nyamwamba ulifurika. Madaraja yalikwenda, nyumba zilikwenda, hospitali ya Kilembe ikavamiwa na maji, na mto ukayamega mabaki ya mgodi na kuyasambaza chini. Ukafurika tena 2014, na tena Mei 2020. Mgodi uliosimama kwa zaidi ya miaka 30 ukawa unaendelea kusafirisha mzigo bila mfanyakazi hata mmoja.

Watafiti wa Uganda waliochapisha matokeo yao mwaka 2017 walipima maji ya bonde lile, ya mgodini, ya kwenye mabaki na ya majumbani. Baadhi ya sampuli za maji ya nyumbani zilivuka mikrogramu 40 za kobalti kwa lita. Na hapa kuna jambo la kutufikirisha: kikomo hicho walikiazima kutoka jimbo la Wisconsin, Marekani, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kobalti katika maji ya kunywa. Cha shaba kipo, miligramu 2 kwa lita. Cha kobalti hakipo. Mama anayechota maji Kilembe akiuliza kama yako salama, jibu inabidi litoke kwa watu wa mbali wasiojua hata jina la mto wake.

Mtaniuliza makaa ya mawe yanaingiaje hapa, maana mada tuliyotangaza ilikuwa machimbo ya makaa yaliyorejeshwa. Yanaingia kwa mlango wa kemia. Makaa ya mawe mara nyingi hukaa pamoja na pairiti ileile, na maji yanayotoka kwenye migodi yake huwa na ukali uleule. Jirani zetu wa Tanzania wanachimba makaa Ngaka, Mbinga, tangu 2011, na kabla ya hapo Kiwira. Siku moja machimbo hayo yatafungwa, na watakaokuwa chini ya mto watahitaji majibu. Wenye uzoefu mrefu na mchungu zaidi ni watu wa milima ya Appalachia, Marekani, ambako maelfu ya kilomita za mito bado yana asidi ya migodi iliyoachwa na mababu.

Uchungu huo uliwafanya Wamarekani watunge sheria mwaka 1977. Mchimbaji wa makaa anaweka dhamana ya fedha kabla ya kuanza. Akimaliza anafukia, anarudisha udongo, anapanda majani. Hapewi dhamana yake yote hapo. Saa inaanza kuhesabu baada ya upandaji wa mwisho: miaka 5 kamili kwenye maeneo ya mvua nyingi, miaka 10 kwenye maeneo makavu. Muda wote huo maji ya mito hupimwa, na ripoti hutolewa kila miezi 3. Orodha ya chini kabisa ya vipimo ni fupi: pH, chuma, manganisi, tope linaloelea, chumvi zilizoyeyuka au uwezo wa maji kupitisha umeme, na kiasi cha maji yanayopita. Hakuna kitu hapo kinachohitaji muujiza. Sheria yao ina mianya mingi, na kampuni zimefilisika zikaacha dhamana isiyotosha. Hata hivyo msingi wake ni sahihi: sehemu ya fedha inazuiliwa mpaka maji yatoe ushahidi.

Sisi nasi tunazo sheria. Sheria ya Mazingira ya 2019 na Sheria ya Madini ya 2022 zinamdai mwenye leseni airejeshe ardhi. Ninaloliogopa ni namna tunavyokagua. Afisa huja, huona mti umepandwa, hupiga picha, huondoka. Picha haina pH.

Niruhusuni sasa nikae kwenye upimaji wenyewe, kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika.

La kwanza ni majira. Wakati wa kiangazi, juu ya mabaki ya mgodi huota chumvi nyeupe, za kijani, wakati mwingine za buluu, zikiganda kadiri maji yanavyokauka. Hizo ni asidi na madini yaliyohifadhiwa kavu. Mvua ya kwanza inapopiga huziyeyusha zote kwa mkupuo, na kwa saa chache mto hubeba kiasi ambacho hautabeba tena kwa miezi. Sasa chukua mpimaji anayekuja mara moja kila robo mwaka, tarehe inayoifaa ofisi. Atakosa saa hizo mwaka hadi mwaka, na daftari lake litakuwa safi. Kwetu Nile Magharibi kiangazi hushika Desemba mpaka Machi, kisha mvua. Mpimaji anayeheshimu kazi yake lazima awe mtoni siku ile ya mvua ya kwanza, chupa mkononi. Na kwa vile hakuna mtu wa ofisi za maji za Lira au Entebbe anayeweza kujua mvua itanyesha lini Koboko, mpimaji huyo lazima awe mtu wa Koboko.

La pili ni ujazo. Watu wengi hutaja miligramu kwa lita wakadhani wamemaliza. Tufanye hesabu ya mfano. Mto wakati wa kiangazi unapitisha lita 100 kwa sekunde, na ndani yake kuna miligramu 2 za shaba kwa lita. Wakati wa mvua unapitisha lita 2,000 kwa sekunde, na shaba imeshuka mpaka nusu miligramu. Ukisoma karatasi ya maabara tu utasema hali imekuwa nzuri mara 4. Zidisha: kiangazi mto umebeba kilo 17 na kidogo za shaba kwa siku, masika umebeba kilo 86. Kwa mtu anayekunywa maji pale pale, kipimo cha kwanza ndicho muhimu. Kwa ziwa au bwawa la mafunjo lililo chini, ni cha pili. Bila kupima mwendo na kina cha mto siku hiyo hiyo, kipimo cha pili hakipo kabisa, na hakuna maabara duniani inayoweza kukirudisha baadaye.

La tatu linawadanganya hata wataalamu. Mgodi ukimwagiwa chokaa, pH hupanda mpaka 7, chuma huganda, maji yanapendeza. Wakaguzi hufurahi. Lakini salfeti haiondoki kwa urahisi namna hiyo. Hubaki ndani ya maji, na uwezo wa maji kupitisha umeme hubaki juu pamoja nayo. Ni kama mgonjwa wa malaria aliyepewa panadol: joto limeshuka, vijidudu bado vimo damuni. Salfeti ikiendelea kuwa juu ujue pairiti bado inaungua ndani ya lile rundo, na siku chokaa itakapokwisha asidi itatoka tena. Kwa hiyo nikiambiwa nichague vipimo viwili tu kwa fedha kidogo, nachukua kipitisho cha umeme, ambacho kifaa cha mkononi hukitoa kwa dakika moja, na salfeti. pH naiweka ya tatu, ingawa ndiyo inayopendwa na kila mtu. Nayo ina hila yake: kushuka kutoka 6 hadi 5 ni asidi kuongezeka mara 10, na kutoka 6 hadi 4 ni mara 100. Anayeandika kwamba pH imeshuka kidogo hajaelewa anachokiandika.

Na mahali pa kupimia: sehemu moja juu ya machimbo, nyingine chini yake, siku moja, saa zinazokaribiana. Bila ile ya juu, mwenye mgodi atasema uchafu ulikuja na mto, nawe huna la kumjibu.

Turudi nyumbani. Arua hakuna mgodi wa shaba, na miamba yetu mingi ni gneisi ya kale ambayo kwa kawaida haina pairiti nyingi ya kutuletea asidi ya namna ya Kilembe. Tunacho kingine. Barabara ya lami kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba ni takriban kilomita 92, na moramu na mawe ya barabara za namna hiyo huchimbwa karibu nazo. Miji yetu inakua. Arua imekuwa jiji tangu Julai 2020. Kokoto tunaponda, wengi wa wapondaji wakiwa akina mama, nyundo mkononi tangu alfajiri. Matofali tunafinyanga kwenye kingo za mito. Mchanga tunauchota kutoka mitoni. Kila shimo la moramu lililoachwa wazi hujaa maji, ng'ombe hunywa, watoto huogelea, na mvua kubwa ikija kingo huporomoka na tope kwenda mtoni.

Enyau ndio mto ambamo Shirika la Taifa la Maji huchota maji kwa ajili ya mji huu. Tope likizidi, mtambo unahitaji shabu zaidi kuyatuliza maji na vichujio huziba mapema. Kiangazi mto unapopungua, mifereji ya nyumbani hukauka, nanyi mnaijua hali hiyo kuliko ninavyoweza kuieleza. Kwa Enyau, basi, kipimo cha kwanza ni tope na kina, wala si kobalti. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona mipango inayonakili orodha ya vipimo kutoka nchi nyingine, ikapeleka fedha zote kwenye madini ambayo hakuna sababu ya kuyatafuta, na kukosa hata rula ya kusomea kina cha maji.

Lakini kuna dhahabu, na hapo sauti yangu inabadilika. Mgodi wa Kibali, ng'ambo ya mpaka, uko takriban kilomita 150 magharibi mwa Arua, na ulitoa dhahabu yake ya kwanza 2013. Maji yake hayaji kwetu. Yanaenda Uele, Ubangi, kisha mto Kongo, maana sisi tumekaa karibu kabisa na mgongo unaogawa maji ya Kongo na ya Naili. Dhahabu ya wachimbaji wadogo wa upande ule, hata hivyo, imepita mjini hapa miaka mingi, na wachimbaji wadogo kote Afrika Mashariki hutumia zebaki kuikamata. Siku itakapopatikana ya kuchimbwa upande wetu wa mgongo, mto Kochi wa upande wa Koboko, au Enyau, ndio utakaopokea. Zebaki kwenye maji ya mto ni vigumu kuikamata kwa kipimo; huzama kwenye tope na kupanda kupitia samaki. Kwa hiyo tope na samaki vipimwe pia, na vipimwe sasa, kabla ya uchimbaji kuanza. Vipimo vya sasa ndivyo vitakavyokuwa shahidi wetu. Mtu akija baadaye na kusema zebaki ilikuwapo tangu zamani, tutakuwa na karatasi ya kumwonyesha.

Wengine hapa mnajiuliza maabara iko wapi. Kanda ya maji ya Upper Nile inayotuhudumia makao yake yako Lira, na maabara kuu ya taifa iko Entebbe. Ni mbali, ila umbali huo unapunguzika ukijua kipi kinaweza kusafiri. Joto la maji, pH na kipitisho cha umeme havisafiri vizuri. Vipimwe ukingoni, papo hapo. Sampuli ya vijidudu ina saa chache tu, basi ipimwe hapa hapa mjini. Sampuli ya madini mazito, ikitiwa matone ya asidi ya nitriki na kufungwa vizuri, hukaa miezi 6 bila kuharibika, isipokuwa zebaki yenye siku 28. Chupa hiyo inaweza kupanda basi la usiku kwenda Kampala na kufika ikiwa na ukweli wote iliotoka nao mtoni. Na Chuo Kikuu cha Muni kipo hapa hapa, kina vijana wanaosoma sayansi, na hakuna somo zuri kwao kuliko mto unaopita karibu na darasa lao.

Ombi langu ni dogo, nalo lina tarehe. Kabla ya mvua za Machi, rula za kupimia kina zifungwe kwenye nguzo za madaraja: Enyau juu ya jiji, Enyau karibu na mtambo wa maji, Enyau chini ya jiji, na mbili kwenye Kochi, moja juu ya mji wa Koboko na moja chini. Kila rula iwe na mtu anayeishi jirani, aisome asubuhi na jioni, aandike kina, rangi ya maji na kama mvua ilinyesha usiku. Alipwe, hata kama ni kidogo. Kazi ya kila siku isiyo na malipo hufa mwezi wa 2. Mara moja kwa mwezi, na siku ya mvua ya kwanza bila kukosa, apelekewe kifaa cha kipitisho cha umeme na chupa za sampuli. Kwenye kila shimo la moramu na kila kilima cha kokoto kilicho na kibali, afisa wa mazingira wa wilaya aanze kupima kijito cha karibu kabla hajasaini kwamba mahali hapo pamerejeshwa, na aendelee misimu miwili ya mvua baada ya hapo.

Daftari lenyewe liandikwe nakala tatu. Moja ikae ofisi ya maji ya wilaya, moja katika shule iliyo karibu na daraja, na moja kwa mwenyekiti wa kijiji (LC1), kwa sababu maafisa huhamishwa na kompyuta huharibika. Mwenye leseni atakapokuja kudai dhamana yake, na akaonyesha picha ya miti, nakala hizo tatu zifunguliwe mezani na zisomwe kwa sauti, mbele ya wanaokunywa maji hayo, ndipo hati isainiwe au ikataliwe.